Siku Wifi Alipokuwa Indiketa ya Kushoto

Tulikuwa watu watano ndani ya gari, na naanza nao ili asije mtu akasema baadaye kwamba nimemsahau. Aliyeendesha ni mwanangu wa pili, fundi cherehani hapa Ganda, na gari ni lake. Mbele kando yake alikaa mzee mshenga, jirani yetu tangu siku niliyoolewa, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kusema kwa niaba yetu, na mdomo anao. Nyuma, dirisha la kushoto, alikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Dirisha la kulia alikaa mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, na ndiye mwenye posa. Katikati yao nilibanwa mimi. Wa sita, ukipenda kumhesabu, ni kibuyu cha mnazi, tembo la kupelekea posa, kilichopakatwa na wifi kama mtoto aliyezaliwa juzi.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao. Hata mgema aliyetugemea mnazi ule nalijua jina lake la utotoni, ambalo hapendi litajwe. Lakini mjukuu alinisihi. "Hawe," akasema, maana kwetu nyanya huitwa hawe, "andika yote, ila majina uyaache. Mimi nataka kuendelea kualikwa kwa watu." Basi nimeyaacha, ingawa kidole kinaniwasha.

Safari ilikuwa ya Marereni, kwa wazee wa msichana. Tulikuwa tumewaahidi mara mbili na mara mbili hatukutokea. Mara ya kwanza tulifiwa, na kufiwa hakuna mwenye kukulaumu. Mara ya pili gari lilikataa kuwaka, na watu wa kule wakabaki na wali wao na kuku wao mpaka nzi wakashiba. Ujumbe ulikuja kwa adabu, lakini adabu yenyewe ilikuwa na miba: "Tumesikia habari ya gari. Njooni Jumamosi kabla jua halijapinduka. Msipoonekana tutajua hamkuwa mnatafuta mke, mlikuwa mnatafuta sababu."

Tangu ujumbe ule mjukuu wangu hakula kitu cha maana. Akipewa ugali anaugeuza geuza kama anatafuta pete iliyopotea ndani. Mimi nilimlea yule, namjua. Akimkosa msichana yule hatalia, ila atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kubaya.

Sasa nieleze ugonjwa wa gari. Mwanangu ni mshonaji, na kwake yeye gari ni cherehani kubwa. Lina gurudumu, lina mkanda, linataka mafuta. Yote ni yale yale, hunambia, tofauti ni kwamba hili unalikalia. Kwa hiyo siku alipotaka redio ndani ya gari hakumpelekea fundi. Alifungua dashibodi kwa bisibisi ya cherehani, akachomoa nyaya, akaunga nyaya, akatia redio. Alipokuwa amekwisha kuifungua, nilimwomba jambo dogo, nalo nitalisema mahali pake. Redio ikaimba vizuri sana. Wiki ile ile betri ikaanza kufa.

Akisha kuliendesha kidogo na kulizima, haliwaki tena. Linasema tik, tik, tik, kama mtu anayefyonza meno. Watu wakamwambia ni altaneta, ile mashine ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuirudishia betri nguvu yake. Mwanangu akaing'oa altaneta, akailaza juu ya meza ya kukatia nguo, akaifungua yote. Akaitia kaboni mpya, vile vijipande vyeusi vya ndani vinavyolika. Akaipaka mafuta ya cherehani mahali panapotaka mafuta na mahali pasipotaka. Akanunua mkanda mpya. Akavisugua vichwa vya betri kwa magadi mpaka vikang'aa kama meno ya bibi harusi. Akairudisha. Gari likawaka, akalizungusha mbio mpaka msikitini na kurudi, akatangaza kwamba limepona.

Wifi akasema, "Limepona leo. Na kesho je?"

Wifi yangu husema maneno kama hayo, halafu yakitokea huona ni kipaji.

Jumamosi tuliondoka mapema, jua halijapata ukali. Kabla ya kupanda, wifi akatoa sheria mbili. Ya kwanza, kibuyu cha posa hakiwekwi chini mpaka kifike kwa wenyewe. Ya pili, msafara wa posa haurudi nyuma, ukirudi hata hatua mbili posa imevunjika. Mimi nimeposwa, nimeposea wanangu wanne, na sheria hizo sijapata kuzisikia. Lakini wifi hutunga mila kama watu wengine wanavyotunga uongo, kwa uso mkavu, na mzee mshenga akaitika kwa kichwa kwa kuwa alitaka tuondoke. Ikawa mila.

Tulipita Malindi salama. Redio inaimba, mzee mshenga anafanya mazoezi ya hotuba kwa sauti ya chini, mimi nimebanwa lakini nina furaha. Tukavuka daraja la Sabaki. Kule ng'ambo barabara inapanda, na hapo kwenye mlima tukakuta ng'ombe, wengi, wanavuka bila haraka. Mwanangu akapunguza mwendo, akasimama. Redio ikaanza kuimba kwa sauti ya mlevi. Injini ikatikisika mara moja, ikafa.

Akageuza ufunguo. Tik, tik, tik.

Ng'ombe wa mwisho alitutazama, akaenda zake.

"Ni kusukuma tu," mwanangu akasema. "Tulisukume kwa kuteremka, litawaka."

"Mteremko uko wapi?" wifi akauliza.

Mteremko ulikuwa nyuma yetu, unaelekea darajani na Malindi na nyumbani.

"Hapana," wifi akasema. "Msafara haurudi nyuma."

"Shangazi, ni hatua chache tu."

"Hata hatua mbili. Nilisema asubuhi, mkanyamaza."

Mjukuu akanitazama. Nikamwambia wifi kwamba sheria ile ameitunga mwenyewe jana akipepeta mchele, naye akanijibu kwamba mila zote kuna mtu alizitunga.

Aliyetuokoa ni mzee mshenga. Aliteremka, akalizunguka gari zima kama anataka kulinunua, kisha akauliza, "Mtu akirudi kinyumenyume huku uso wake umeelekea kwako, utasema anakukimbia?"

Wifi akafikiri. "Inategemea uso."

"Uso wa gari umeelekea Marereni. Mwanangu, hili lina gia ya kurudi nyuma. Litaweza kuwaka kwa gia hiyo?"

Mwanangu akasema cherehani haiwezi lakini gari linaweza. Basi wifi akakubali, kwa sharti kwamba gari lisigeuzwe hata kidogo na kwamba yeye hashuki, kwa sababu kibuyu hakiwezi kuwekwa chini na hakuna mwingine wa kukipakata. Akabaki ndani amekaa, kibuyu kizito, naye hana uzito wa kuchekwa. Tukasukuma watatu kwa mbele, mikono juu ya boneti: mjukuu na suti yake ya kushonwa na ami yake, mzee mshenga na bakora yake, na mimi na magoti yangu. Bodaboda mmoja akapita na abiria, akapunguza mwendo.

"Shikamoo nyanya. Mnaenda wapi?"

"Marahaba. Marereni."

"Mbona gari linarudi Malindi?"

"Litazame uso," nikamwambia.

Likateremka, likashika mwendo, mwanangu akaachia klachi, gari likaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, likawaka. Kwa mruko ule kizibo cha kibuyu kikafyatuka. Mnazi uliokuwa umetikiswa tangu Ganda ukatoka kwa povu, nusu nzima ya juu, ukamwangukia wifi kifuani na mapajani. Tulipofika dirishani alikuwa ametulia kabisa, ameziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Hakijagusa chini," akasema.

Mwanangu sasa akatoa amri zake. Injini isizimwe. Gari lisisimame. Na chochote kinachokula betri kifungwe: redio, feni, taa za kukata kona, hata honi. Mzee mshenga akapewa kazi ya honi. Akiona mbuzi au baiskeli anatoa kichwa dirishani na kusema kwa sauti yake ya barazani, "Jamani, tunapita." Kukata kona kulia, mwanangu atatoa mkono wake. Kushoto, wifi. Mimi nilijua hataweza kukataa, kwa sababu ni heshima, na wifi heshima haikatai. Akatoa mkono wake wa kushoto, bangili zote nje, wa kulia umeziba kibuyu. Tukamwambia atoe wakati wa kukata kona peke yake. Akasema hawezi kujua dereva atakata lini, basi bora uwe tayari. Ukakaa nje kutoka Sabaki, kupita Mambrui, mpaka Gongoni. Magari ya nyuma yetu yalitungoja tukate kushoto mpaka yakachoka.

Gongoni ndipo malori ya chumvi yanapoingia na kutoka, na lori moja lilikuwa limekingama barabara likigeuka. Mwanangu alipunguza mwendo kidogo kidogo, akaomba dua, lakini gari letu likafa tena. Jua lilikuwa limekwisha panda. Bahati yetu ni kwamba lilifia karibu na kibanda cha fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli la bluu, ambaye malori yale yote ya chumvi hupitia mikononi mwake. Chumvi hula nyaya, kwa hiyo yeye hakosi kazi.

Alikuja akifuta mikono. Akatuamkia sote wazee mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mzee, shikamoo mama, pua ikinusa mnazi uliokuwa kwa wifi lakini mdomo umenyamaza. Kisha akamgeukia mwanangu.

"Kaka, limeanza lini?"

"Wiki tatu."

"Nani alilishika mwisho?"

Mwanangu akakohoa. "Ni mimi mwenyewe."

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Nguo."

Fundi akaitika taratibu, kama daktari aliyeambiwa kwamba mgonjwa amekwisha kunywa dawa ya jirani. Mwanangu akamsomea orodha yake yote: kaboni, mkanda, magadi, mafuta. Fundi akapitisha kidole kwenye altaneta, akakinusa.

"Mafuta ya cherehani."

"Yale mazuri," mwanangu akasema.

Akaleta betri yake, akaiunga na yetu kwa nyaya nene, gari likawaka. Akaziondoa nyaya na kuweka mita yake juu ya betri yetu, kijisanduku chenye namba. Injini inanguruma lakini namba zinashuka pole pole, maana betri inatoa na hairudishiwi. Halafu fundi akamwambia mwanangu akanyage mafuta kwa nguvu. Injini ikapiga kelele, na ghafla namba zikapanda na kutulia juu.

"Altaneta ni nzima," akasema. "Imelala tu. Ukiipigia kelele inaamka yenyewe, usipoipigia inabaki usingizini. Kuna kitu kilikuwa kinaiamsha kila ukiwasha, na hakipo. Zima. Sasa geuza ufunguo nusu, usiwashe injini."

Mwanangu akageuza nusu. Fundi akaingiza kichwa dirishani, akatazama dashibodi.

"Taa ya mafuta naiona. Ya breki naiona. Taa nyekundu ya betri iko wapi?"

Hapo ndipo kikopo changu cha ugoro kilipokuwa kizito ndani ya kibindo cha leso.

Nieleze sasa lile jambo dogo. Gari lile kila likitaka kuwashwa lilikuwa linaonyesha taa nyekundu, ndogo, yenye picha ya sanduku. Linakutumbulia jicho kama kuku mgonjwa, halafu injini ikiwaka linafumba. Mimi sikulipenda. Niliona si vizuri kila safari ianze kwa kutazamwa na jicho jekundu. Siku ya redio, mwanangu alipokuwa amefungua dashibodi, nikamwambia, "Na lile jicho uling'oe." Akaling'oa, kwa kuwa ni mtoto mwenye kusikia mama yake, akanipa mkononi: kitaa kidogo, kama punje mbili za mchele. Mimi kitu sikitupi. Nikakitia ndani ya kikopo cha ugoro, nikakisahau.

Fundi alikuwa akimweleza mwanangu. "Umeme mdogo hupitia kwenye kitaa kile ukaenda kuipigia hodi altaneta. Kitaa kikitoka, hodi haipigwi. Lazima kiwe cha aina ile ile, na hapa Gongoni hakuna. Ni Malindi."

"Kwenda na kurudi?" mjukuu akauliza.

"Saa moja na nusu, ukipata bodaboda wa haraka."

Mjukuu akaketi juu ya tairi lililolazwa pale, simu mkononi. Msichana alikuwa anamwandikia kwa siri kutoka jikoni kwao. Akanisomea kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi: mikeka imetandikwa, wali umeiva, mjomba ameuliza saa mara tatu. Halafu akaacha kusoma, akanyamaza.

Ningeweza kusubiri. Ningeweza kukiangusha kile kitaa chini ya kiti na kukiokota na kusema, tazameni nini hiki. Nilifikiria hivyo, sitaki kudanganya. Kilichonizuia kusema ukweli mara moja ni kwamba wifi alikuwa amekaa karibu, na nikikiri mbele yake nitasikia habari hiyo mpaka kaburini, kwangu au kwake. Lakini nikamtazama yule mtoto juu ya tairi lake. Nikafungua kikopo.

"Ni mimi niliyekitoa," nikasema. "Kilikuwa kinanitazama."

Wifi alinigeukia kwa furaha ambayo sikuiona usoni mwake tangu mvua iliponyesha siku ya arusi yangu. Akasema neno moja tu, "Ewaa," akalirefusha mpaka likafika baharini.

Fundi akakichukua kitaa, akakipuliza ugoro, akapiga chafya mara nne. Mwanangu akakaa pale amefungua mdomo. "Mama, nilisahau kabisa. Mimi nilidhani ni taa tu."

"Na mimi nilidhani ni jicho tu," nikamwambia.

Fundi akafungua dashibodi, akakirudisha mahali pake. Akamwambia mwanangu ageuze ufunguo. Lile jicho likawaka, jekundu vile vile, na nikaliona zuri. Akaiunga tena betri yake, injini ikawaka, jicho likafumba. Mita ikapanda bila kupigiwa kelele. Fundi akakataa kulipwa kitu mpaka tutakaporudi na majibu, akasema posa haicheleweshwi kwa chenji, akatuelekeza njia. Tukaondoka.

Kosa tulilofanya ni kwamba hakuna aliyemwambia wifi kuwa taa za kukata kona sasa zinafanya kazi. Ama mwanangu alisahau, ama mimi nilikumbuka nikanyamaza. Hapo niache.

Nyumba ya wazee iko upande wa bara, ndani kidogo kutoka barabarani. Tulipotokea, tuliwaona wenyewe uwanjani, na mikeka miwili ilikuwa imekwisha kunjwa. Mjomba wa msichana, ambaye ndiye msemaji wao, alikuwa amesimama na mkeka wa tatu kwapani. Mjukuu akashika mkono wangu akaufinya mpaka pete ikaniuma.

Gari likakata kushoto, na mkono wa wifi ulikuwa nje wote, bangili zinalia. Njia ina mashimo, kwa hiyo kila shimo mkono unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Wale kina mama wa uwanjani wakautazama. Mmoja akapunga. Wa pili akapunga. Kisha bibi mmoja mkongwe akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na mjomba akabaki na mkeka kwapani hajui aufanye nini. Akautandika tena.

Mwanangu alisita kuzima injini. Mjomba akaja dirishani. "Zima gari basi, au mnapita tu?" Akazima. Mzee mshenga akashuka, akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi tangu Malindi, lakini mjomba akamkatiza.

"Mmechelewa. Tulikuwa tumekasirika, sisemi uongo. Ila mama yule ametupungia tangu kule barabarani. Mtu mwenye dharau hapungi mkono hivyo."

"Tangu barabarani?" mzee mshenga akasema, na uso wake ulikuwa mkavu kuliko hata wa wifi. "Mama huyu amewapungia tangu daraja la Sabaki."

Na ni kweli, ndugu msomaji, neno kwa neno.

Kibuyu kikapokewa mikononi bila kugusa chini. Mjomba akakitikisa. "Mbona ni nusu?"

"Nusu nyingine nimeivaa," wifi akasema, na watu wakacheka mpaka msichana akachungulia kutoka jikoni, akamwona mjukuu wangu, naye mjukuu wangu akaomba wali. Alikula sahani tatu. Posa ikakubaliwa kabla sahani ya pili haijaisha.

Jioni, wakati wa kuondoka, sote tulisogea kutazama mwanangu alipogeuza ufunguo, hata wenyeji. Jicho likawaka, injini ikaitika, jicho likafumba. Tulipofika Gongoni tukampelekea fundi majibu, malipo yake na sahani ya wali.

Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Mliokuwepo, kama ng'ombe walivuka kabla ya daraja na si baada yake, au kama fundi alipiga chafya tano na si nne, nambieni nifute niandike upya, kalamu ninayo na daftari halijaisha. Wewe wifi pia njoo unisahihishe, mlango uko wazi. Ila kwa lile la mkono usipoteze wakati wako, kwa maana mashahidi wa hilo wako kutoka Sabaki mpaka Marereni.